Hasara Itamwangukia Nani? Miaka Yangu Katika Biashara ya Nafaka Arua

Biashara ya Arua, mji wetu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, huonekana vizuri zaidi ukisimama asubuhi kwenye barabara ya Vurra. Pikipiki zinapita zimebeba sabuni, sukari, unga na magodoro yaliyokunjwa, zote zinaelekea Ariwara, upande wa Kongo. Malori ya mbao yanatoka huko huko kwenda Kampala, safari ya karibu kilomita 500. Magari mengine yanakata kuelekea makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Imvepi. Mimi nina stoo ya nafaka katikati ya msukumano huo: unga wa mahindi, ambao sisi tunauita posho hata kabla haujapikwa, maharage, mafuta ya kupikia na chumvi. Wanunuzi wangu ni shule za bweni, kina mama wanaovusha mizigo kwenda Ariwara, na wenye maduka wa Rhino Camp. Hao wa mwisho tunaelewana upesi kwa sababu ya lugha. Sisi ni Wanubi, na Kinubi chetu na Kiarabu cha Juba, cha wakimbizi wa Sudan Kusini, ni ndugu. Mtu akisalimiwa kwa maneno ya kwao haoni haraka ya kwenda kuuliza bei kwingine.

Vijana wanaotaka kuanza huja kuniuliza nanunua wapi na napata ngapi kwa gunia. Nawajibu, kwa sababu hakuna siri hapo. Ila swali lililonilea katika biashara ni lingine, na si mimi niliyelitunga. Lilikuwa la mjomba wangu: hasara ikitokea, itamwangukia nani?

Mjomba ni ndugu wa mama yangu, dereva wa lori aliyestaafu. Aliuza ng'ombe akaniletea pesa. Nyumbani kwetu riba haijawahi kupita mlangoni, na wakati ule benki ya Kiislamu haikuwepo Uganda. Sheria ya kuiruhusu ilipita 2016, na benki ya kwanza ikapata leseni 2023. Kwa hiyo tukafanya kama walivyofanya wazee wetu siku zote, yaani mudharaba. Yeye anatoa mtaji, mimi natoa kazi, faida tunagawana kwa mafungu tuliyokubaliana kabla. Hasara ikija bila uzembe wangu, pesa iliyopotea ni yake, nami nimepoteza jasho langu. Nikizembea, au nikivunja sharti tuliloliandika, hasara inahamia kwangu.

Kuna watu wakisikia hivyo hucheka na kusema nimepata pesa za bure. Wajaribu waone. Anayekudai riba hajali unachofanya ilimradi tarehe ikifika ulipe. Mwenye mtaji wa mudharaba anajali kila kitu, kwa sababu ngozi yake iko ndani. Mjomba alikuja stoo, akaketi juu ya gunia, akauliza maswali ambayo ofisa wa mkopo hajawahi kumuuliza mtu. Gunia hili limekaa hapa tangu lini? Huyu mwenye duka anayenunua sana, mke wake anamfahamu nani hapa mjini? Lori likianguka Karuma, kule darajani njia ya Kampala, nani atapanda boda kwenda kulilinda mpaka asubuhi? Alikuwa dereva, anajua mzigo ulioanguka unavyoyeyuka kabla polisi hawajafika.

Masharti yake yalikuwa machache na makali. Pesa ya stoo isikae mfuko mmoja na pesa ya nyumbani, hata ikiwa ni ya ada ya mtoto. Mteja asikopeshwe kupita kiwango tulichoweka. Mzigo usivuke kwenda Sudan Kusini kwa pesa yake. Na kila jioni daftari liandikwe. Mama yangu alikuwa akituimbia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, sisi tukiona ni maneno ya watu wazima tu. Mjomba akayafanya kuwa kifungu cha mkataba.

Sharti la Sudan Kusini liliniuma. Mwaka ule kila mtu alikuwa akizungumzia Juba: bei huko ilikuwa juu mno, na jirani zangu walirudi wakajenga. Lakini mjomba alikuwa ameona Desemba 2013 vita vilipolipuka, na alikumbuka wafanyabiashara wa Uganda waliopeleka nafaka kwa serikali ya kule kabla ya hapo, ambao miaka mingi baadaye walikuwa bado wanapanda ngazi za ofisi za Kampala kutafuta malipo yao. Julai 2016 Juba ikawaka tena, na jeshi letu likatumwa kuwaondoa Waganda waliokwama. Wengine walirudi na nguo walizovaa. Sisemi mjomba alijua kitakachotokea. Alisema tu kwamba mzigo ukishavuka pale, hakuna hata mtu mmoja tunayemjua ambaye tunaweza kumwendea nyumbani tukaketi naye, na bei nzuri haijazi pengo hilo. Mpaka leo nauza kwa Wasudan Kusini wengi, lakini wananunua kwenye mlango wangu, kwa pesa taslimu, na wanavusha wenyewe.

Mahindi yenyewe nayatoa Bweyale na Kigumba, na nikikosa huko naenda Masindi. Huo ndio ukanda wa mahindi ulio karibu nasi. Kuna mavuno mawili: ya katikati ya mwaka, na ya mwisho wa mwaka hadi Januari. Mavuno ya kwanza ndiyo yanayotoa jasho, kwa sababu mvua haikomi vizuri na mkulima anahitaji pesa ya shule, basi anauza mahindi mabichi mabichi. Dalali atakuuma punje mbele yako, ikilia "ka" atakwambia imekauka. Punje inayolia inaweza kuwa na unyevu wa asilimia 15 na bado ikaliliza jino. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka usizidi asilimia 13.5, na hiyo tofauti ndogo ndiyo inayoamua kama stoo yako itaota ukungu.

Kabla sijanunua kipima unyevu nilikuwa natumia chupa na chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia chumvi kavu kidogo, unaweka mahindi mpaka theluthi moja ya chupa, unatikisa, kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi hayo ni mabichi, yaache. Isipoganda, ujue tu kwamba yako chini ya asilimia 15 hivi. Haikwambii kama yamefika 13.5. Wengi hawaelezi sehemu hiyo ya pili, na wakulima wazuri wanaotumia chupa hushangaa mzigo wao ukikataliwa. Kipima unyevu kilinigharimu pesa ambayo niliiona nyingi, na kililipa gharama yake kabla mwaka haujaisha, hasa kwa sababu madalali walianza kuniletea mahindi mazuri kwanza. Walijua mabaya hayatapita.

Ukungu huo ndio huleta sumukuvu, na sumukuvu haionekani kwa macho. Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Baada ya siku chache waliyaruhusu tena, ila kwa masharti ya usajili na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu kumi kwa bilioni. Mimi siuzi Kenya. Lakini malori yaliyokuwa yakielekea Busia, mpakani na Kenya, yaligeuza, na bei Bweyale ikashuka mbele ya macho yangu nikiwa tayari nimejaza stoo kwa bei ya wiki iliyopita. Mwaka 2023 ikawa zamu ya mpaka wa Elegu: Sudan Kusini ikazuia malori ya mahindi na unga kutoka kwetu, kwa sababu ile ile. Kwa hiyo hata mtu wa Arua ambaye hajawahi kuiona Busia anaathiriwa na maamuzi ya maabara ya Nairobi. Jambo hilo sikulijua mwanzoni, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu wenzangu wote walidhani bei inapangwa na mvua.

Kuhusu kuweka mahindi yangojee bei, kila mtu ana hadithi ya aliyetajirika. Ni kweli bei hupanda. Mwaka 2021 kulikuwa na sehemu ambazo kilo ilishuka hadi shilingi mia nne na kitu, na mwaka uliofuata ikapita elfu moja. Aliyekuwa ameweka alicheka. Ila aliyeweka baada ya hapo akitarajia mchezo ule ule aliona bei ikianguka kabla hajauza, na fukusi wakimsaidia kupunguza uzito. Mimi naweka sehemu ambayo naweza kuiuza kwa hasara bila kufunga stoo, na naiweka kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Sehemu nyingine inazunguka. Mzunguko mdogo una faida ndogo, lakini unanipa habari: kila wiki nikinunua najua bei ilivyo, sihitaji kuuliza mtu.

Sasa nifike 2020, maana huko ndiko nilikoelewa kwamba swali la mjomba lilikuwa pana kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa najisifu kwamba nina wateja wa aina tatu. Shule zikilegea, Ariwara inanunua. Ariwara ikilegea, Rhino Camp inanunua. Kwenye mafunzo ya wafanyabiashara wanawake walikuwa wakinitolea mfano, nami nasimama nashangiliwa. Halafu Machi ikaja. Shule zikafungwa tarehe 20. Siku chache baadaye mpaka ukafungwa kwa abiria. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, lakini kina mama wangu hawana malori, wao huvuka kwa miguu na kwa pikipiki, basi wote wakabaki nyumbani. Aprili, mgao wa chakula na pesa wanazopewa wakimbizi ukapunguzwa kwa asilimia 30 kwa ukosefu wa fedha, na wenye maduka wa Rhino Camp wakaanza kununua nusu gunia badala ya mawili.

Nikiwa nimekaa na daftari ndipo nikaona kwamba hawa watu watatu walikuwa wakichota kisima kimoja. Ada ya shule za Arua inalipwa na nani? Na wazazi wanaouza Ariwara. Wenye maduka wa Rhino Camp wanaongezea mtaji wapi? Kwa bidhaa zinazorudi kutoka Kongo, na kwa pesa za msaada. Mpaka ukifunga, wote watatu wanakauka, kila mmoja kwa wakati wake, wa mwisho akiwa yule niliyedhani yuko salama. Kuhesabu wateja kulikuwa kumenidanganya. Tangu hapo nahesabu mambo yanayoweza kumfanya mteja asije, na mambo hayo ni machache kuliko wateja.

Kilichotuokoa hakikuwa kwenye mpango wowote. Boda zilikatazwa kubeba abiria lakini zikaruhusiwa kubeba mizigo, na vijana wa kijiwe cha jirani walikuwa hawana kazi. Nikaanza kupima unga kilo mbili, kilo tano, na wao wanapeleka majumbani. Rejareja nilikuwa nimeidharau kwa miaka. Ni kazi ya kuchosha, mizani haipoi, na kila mtu anataka nyongeza. Lakini familia zilizofungiwa nyumbani zilikula posho kila siku, na hakuna tangazo la serikali linaloweza kufunga tumbo. Mpaka leo sehemu ya stoo ni duka la rejareja, hata siku ambazo haliniletei kitu cha maana.

Ugomvi wetu mkubwa na mjomba ulitokea mwaka huo huo. Nilikuwa na unga mwingi uliosagwa tayari kwa ajili ya shule. Mahindi yaliyokauka yanaweza kusubiri. Unga hausubiri, baada ya miezi michache unachacha na kuingia wadudu. Shule zilitangazwa kufungwa kwa siku 32, kwa hiyo nikangoja. Siku 32 zikapita, nikaendelea kungoja, kama nchi nzima. Sehemu ya unga ikaharibika, nikaiuza kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa.

Mjomba akasema huo ni uzembe, basi hasara ni yangu. Mimi nikasema serikali yenyewe ilingoja, basi ni hasara ya mtaji. Tulisemezana mpaka mama akalia. Mwishowe tukaenda kwa mzee mmoja wa msikiti anayejua mambo ya mikataba. Alisikiliza, akaomba daftari, akasoma tarehe. Akaamua hivi: kwa mwezi ule wa kwanza hakuna wa kulaumiwa, maana tangazo lilikuwa na mwisho wake na mimi niliufuata. Baada ya hapo, kungoja kulikuwa uamuzi mpya, na uamuzi mpya juu ya mali ya mtu unahitaji mwenye mali aulizwe. Sikumpigia simu mjomba. Kwa hiyo sehemu iliyoharibika baadaye tugawane. Tukakubali wote wawili tukiwa tumenuna, na nafikiri ndiyo dalili kwamba iligawanywa sawasawa.

Mimi naona uamuzi ule una akili kuliko mafunzo mengi ya biashara niliyohudhuria. Watu hupanga hatari siku ya kununua, kisha wanadhani kazi imekwisha. Lakini kila wiki unayoacha mzigo ndani umefanya uamuzi, hata kama hukufungua mdomo. Sasa stoo ina ubao ukutani: kila shehena ina tarehe ya kuiangalia upya, na tarehe ikifika nampigia mwenye mtaji, hata kama sina jipya la kusema. Mara nyingi jibu lake ni "ngoja". Sawa, lakini tumengoja wawili.

Shule zilifunguliwa kabisa Januari 2022, karibu miaka miwili baada ya kufungwa. Nyingine hazikufunguliwa tena. Moja iliyokuwa na deni langu ikageuzwa nyumba ya kulala wageni, na mwenyewe akahama mji. Nyingine ilikuwa na hedimasta mpya, kijana mwenye adabu sana, aliyenikaribisha chai, akasikiliza, kisha akaniambia, "Mama, mimi hilo deni sina habari nalo." Na alikuwa anasema kweli. Mwenzake aliyetangulia alikuwa ameweka sahihi yake peke yake kwenye karatasi ya daftari la mazoezi, na alikuwa amehamishwa kwenda wilaya nyingine.

Kwa hiyo kukopesha shule kuna utaratibu niliojiwekea. Karatasi iwe na muhuri wa shule, sahihi ya hedimasta, ya mhasibu, na ya mwenyekiti wa bodi au mwenye shule. Wakilalamika kwamba nawasumbua, nawaambia nawalinda na hedimasta ajaye. Deni linakua pole pole: shule mpya hulipa taslimu muhula wa kwanza, kisha naikopesha kiasi cha faida niliyokwisha kuipata kutoka kwake, si zaidi. Ikinikimbia, nimepoteza faida yake. Mtaji uko palepale. Nimewahi kuachwa na shule kubwa kwa sababu ya sharti hili, wakaenda kwa mwenzangu anayetoa mali kauli bila maswali. Namtakia heri kwa moyo mweupe.

Na kuna wakati wa kudai. Mwanzo wa muhula shule haina pesa, wazazi bado wanalipa nusu nusu. Ukienda wiki ya kwanza utapewa soda na maneno. Nenda wiki wanayoanza kuwarudisha nyumbani watoto wasiolipa ada, maana siku tatu baadaye pesa inaingia. Usingoje mwisho wa muhula, wakati walimu nao wanasimama mlangoni kwa mhasibu. Mimi huenda mwenyewe, nimejifunga leso vizuri, naulizia afya ya familia, nakaa mpaka nilipwe kitu. Hedimasta akinitumia kidogo kwa simu hapo hapo, nashukuru na kuandika. Anayelipa kidogo kila mara hunipa amani kuliko anayeahidi yote kwa tarehe moja.

Ariwara sitaisema sana, ina mambo yake. Bei napanga kwa shilingi yetu tu. Faranga na dola mteja abadilishe mwenyewe kabla ya kuja. Noti ya dola yenye mchaniko mdogo hukataliwa kule, na aliyeipokea mwisho ndiye anayebaki nayo.

Njia nayo ina hesabu yake. Septemba 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, na malori makubwa yalikuwa yameshazuiwa miezi kabla ya hapo. Mzunguko ukawa mrefu, mafuta yakazidi, na matajiri wa malori wakapandisha nauli. Safari hii tulikuwa tumepata habari mapema, kwa hiyo nilijaza stoo kwa mahindi makavu kabla, ingawa sipendi kujaza. Halikuwa jambo la ujasiri. Kufungwa kwa daraja kulitangazwa. Mvua inayovunja barabara haitangazwi. Nashangaa wenzangu wanaoogopa mambo yasiyojulikana na kupuuza yaliyobandikwa gazetini.

Mzigo mkubwa nauweka kwenye malori mawili hata kama moja lingetosha. Nauli inazidi, turniboi wawili wanataka chakula, na mara nyingi yote mawili yanafika salama nami naonekana mjinga. Na karatasi ya usafirishaji inasema wazi kwamba gunia lililolowa kwa turubai lililotoboka ni la mwenye lori. Tunaangalia turubai pamoja kabla ya kupakia, mimi na dereva, tunalitandaza chini na kulimulika. Madereva wazuri hawachukii. Anayekuambia, "Mama, niamini tu," mshukuru na umtafute mwingine.

Nimebaki na jambo moja ambalo nalisema kwa ukali kidogo. Wakati wa ule ukame wa biashara wa 2020 alikuja mtu akiwa na mkoba na kalamu nzuri. Anakopesha siku hiyo hiyo, hataki mdhamini, anataka hati ya kiwanja tu. Karatasi aliyoniwekea mezani, nilipoisoma kwa utulivu, haikuwa ya mkopo. Ilikuwa ya mauziano: kwamba mimi nimemuuzia kiwanja changu kwa kiasi hicho, na tarehe fulani ikipita, ni chake. Wanawake wawili wa soko letu walikuwa wameshatia sahihi karatasi ya namna hiyo, mmoja hasomi Kiingereza. Wapo wakopeshaji wenye leseni na wapo wa mkoba. Wa mkoba hawaji ukiwa na raha. Tena usiniambie habari ya ujasiri hapo. Nyumba ya watoto si mtaji. Biashara ikifa, nitaanza tena na meza ya mkaa nikiwa na pa kulala.

Akiba yetu ya dharura sasa iko benki mbili, katika akaunti zisizo na riba. Nilipopata habari kwamba benki ikifa, mfuko wa kulinda amana unamrudishia mteja hadi shilingi milioni 10 kwa benki hiyo, niliuliza swali lile lile la mjomba: na zinazozidi, hasara ya nani? Nikagawa.

Kwa sasa tunajadili mashine ya kusaga. Kwa miaka mingi ukanda wetu wa Nile Magharibi haukuunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wetu ulitegemea bwawa dogo la Nyagak na jenereta za dizeli, na mwenye mashine ya umeme alikuwa mtu wa kungoja. Sasa gridi imefika, na kila mwenye pesa mjini anataka kusaga. Mimi nasaga kwa watu, nalipa kwa kilo, na pumba wanabaki nazo wao. Nikiwa na yangu, pumba ni zangu za kuuzia wafuga kuku. Hesabu inavutia. Lakini inavutia kwa wote, na mashine zikiwa nyingi bei ya kusaga itashuka, na hapo mwenye deni la mashine ndiye atakayelia, wakati anayesagisha kama mimi atacheka.

Binti wa mjomba, binamu yangu, muuguzi, ana pesa na anataka kuingia badala ya baba yake ambaye macho yamemchoka. Ana maswali makali kuliko mzee. Ameuliza mota ikiungua kwa umeme unaopanda na kushuka, ni uzembe au ni bahati mbaya. Tumebishana wiki nzima. Tumeandika kwamba tukifunga kifaa cha kulinda mota na bado ikaungua, ni hasara ya mtaji. Nikiwasha bila hicho kifaa, ni yangu. Tumeandika kwamba tunaanza na mashine moja iliyotumika, na kwamba kwa mwaka wa kwanza sitaacha kusagisha kwa wengine, ili tulinganishe gharama kwa kilo. Ada ya kusaga ikishuka chini ya kiwango tulichoandika, miezi mitatu mfululizo, tunaiuza bila kikao kingine. Yeye anataka iwe miezi miwili. Hapo bado hatujakubaliana, na fundi anasubiri kujua kama aje Jumamosi kupima sakafu.